Kabaini, bastola au marisau? Jinsi ya kuchagua silaha ya kujilinda ukiwa Nairobi

Kila mwezi napata ujumbe uleule, ni maneno tu yanayobadilika. "Kaka, nataka kabaini nzuri ya kulinda nyumba, ninunue gani?" Wengine hawajaanza hata kuomba leseni lakini rangi wameshachagua. Juzi alikuwa mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule Utawala. Kabla yake, kijana wa Rongai alinitumia picha ya bunduki ya kijeshi yenye darubini, taa na mpini wa mbele, akaniuliza kama itaingia kwenye begi la laptopu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Jibu lote ni hili hapa, soma ukiwa umetulia.

Mimi si muuzaji wa silaha wala sina ndugu mwenye duka. Nina leseni, nimebeba bastola kwa miaka kadhaa, na Jumamosi nyingi nasaidia kusimamia wanaoanza kwenye uwanja wa shabaha upande wa Kiambu. Nitakayokwambia nimeyaona huko, mengine yamenikuta mwenyewe.

Kwanza tumalize habari ya kabaini

Kabaini ni bunduki ya begani iliyofupishwa mtutu. Sifa zake si uongo: unaishika kwa mikono miwili, kitako kimekaa begani, shavu limelala juu yake, kwa hivyo hata mgeni hupiga shabaha upesi kuliko akiwa na bastola. Nimeona mtu aliyekosa karatasi nzima kwa bastola akipiga katikati kwa bunduki ndefu siku hiyohiyo.

Shida ni kwamba video nyingi unazotazama zimepigwa Marekani, ambako katika majimbo mengi mtu huingia dukani akatoka na bunduki ya AR-15. Hapa tuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Bunduki za kijeshi zinazojikoki zenyewe, za kaliba (kipenyo cha risasi kwa milimita) ya 7.62 au 5.56, si za raia. AK-47, G3 na MP5 zimetajwa kwa majina ndani ya sheria hiyo, na ukipatikana nayo bila ruhusa adhabu inafika kifungo cha maisha. Akitokea mtu wa kukwambia "nitakupangia moja safi kutoka mpakani," huyo anakupangia gereza la Kamiti.

Kwa hivyo, kwa mkazi wa Nairobi anayetaka kujilinda, mambo hurudi kwenye bastola, na mara chache kwenye bunduki ya marisau, ile inayotoa vipande vidogo vingi kwa mpigo mmoja. Hilo lisikuvunje moyo. Yale yanayoifanya kabaini iaminike ndiyo yanayoifanya bastola iaminike, na hatua za kuchagua ni zilezile.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Leseni, au angalau ombi lililo mbele ya Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha. Utahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, cheti cha tabia njema kutoka DCI, ripoti ya daktari, na sababu inayoeleweka ya kutaka silaha. "Naipenda tu" si sababu.
- Uvumilivu. Utahojiwa, utachunguzwa, na wanaokujua wanaweza kuulizwa. Desemba 2018 serikali iliagiza hata waliokuwa na leseni za zamani wahakikiwe upya, kwa hivyo usidhani ukishapata umemaliza.
- Sefu ya chuma nyumbani, iliyofungwa kwa bolti ukutani au sakafuni. Sefu kwanza, silaha baadaye.
- Bajeti iliyogawanywa. Anayetumia pesa zote kwenye bastola hubaki bila ala ya kuivalia kiunoni, bila magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) ya ziada, na bila risasi za mazoezi. Mimi huwaambia watu watenge theluthi ya bajeti kwa vitu hivyo.
- Mwalimu. Si binamu yako aliyekuwa askari mwaka wa themanini na tisa. Mtu anayefundisha sasa, kwenye uwanja uliosajiliwa.
- Watu wa nyumbani wanaojua. Mke au mume ambaye hataki silaha ndani ya nyumba ni jambo la kumaliza mezani kabla ya kwenda dukani.

Na hili nalisema kwa herufi zote: usilipe hata amana kabla kibali hakijatoka. Najua mtu aliyelipa nusu ya bei ili "awekewe." Ombi lake likakataliwa, na alizungushwa miezi saba kabla ya kuona pesa zake tena.

Hatua ya 1: Amua silaha itakaa wapi

Usianze na jina la kampuni. Anza na mahali. Itakuwa kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni? Itakaa kwenye sefu ya chumba cha kulala? Au iko dukani, chini ya kaunta ya keshia? Majibu haya matatu yanaleta silaha tatu tofauti.

Kama ni ya kubeba mwilini, bastola ya ukubwa wa kati ndiyo jibu kwa watu wengi. Glock 19, kwa mfano, ina takriban gramu 600 ikiwa tupu, na magazini yake ya kawaida inabeba risasi 15. CZ 75 ya chuma tupu inakaribia kilo nzima. Gramu 400 ni kitu kidogo ukiwa dukani. Kaa nazo kiunoni kwenye foleni ya Mombasa Road mpaka saa mbili usiku ndipo utajua uzito wake.

Kama ni ya nyumbani tu, bastola kubwa kidogo ni rahisi kuimudu kwa sababu mtutu mrefu na uzito hutuliza mrusho, yaani teke la bastola inapopigwa. Bunduki ya marisau ya geji 12 nayo inafaa kwa mtu mwenye boma kubwa, tuseme Karen au shambani Kitengela. Ila kwenye nyumba ya ghorofa yenye kolido nyembamba, bunduki ndefu hugonga mlango, hugonga kabati, na mtutu wake hutangulia kila kona kabla yako.

Halafu fikiria kuta zako. Kuna vyumba mjini vilivyogawanywa kwa jipsamu. Risasi ya bastola hupita jipsamu, mlango wa plaiwudi na mabati kana kwamba hakuna kitu. Chora ramani ya nyumba yako kwenye karatasi, weka alama mahali watoto wanapolala na mahali jirani anapolala, kisha jiulize ni upande gani ambao hutawahi kuelekeza mtutu. Kuna watu wakimaliza mchoro huo huamua kuweka mlango wa chuma na king'ora badala ya silaha. Nawaheshimu sana.

Hatua ya 2: Chagua kaliba unayoweza kuipata

Hapa sina maneno mengi: 9×19 mm. Ilibuniwa Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita na leo ndiyo risasi ya bastola inayopatikana zaidi karibu kila mahali. Hata kiwanda chetu cha Eldoret hutengeneza kaliba hiyo. Mrusho wake unavumilika, na kwa bei ya mazoezi huwezi kupata nafuu zaidi kwenye bastola kubwa.

Watu hunijia na hoja za .45 na .40. Sawa. Utazipata wapi Jumamosi asubuhi ukitaka kufanya mazoezi? Kumbuka pia kwamba cheti chako hutaja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Risasi adimu ambayo unaogopa kuimaliza ni risasi usiyoifanyia mazoezi.

Hatua ya 3: Bakia kwenye majina ambayo fundi anayajua

Ukisikiliza taarifa ya habari jioni utasikia "bastola aina ya Ceska" mpaka udhani ni aina moja tu. Ceska ndiyo CZ, kutoka kiwanda cha Uherský Brod huko Ucheki. Ina modeli nyingi: CZ 75 iliyotoka mwaka wa 1975, P-07, P-10 na nyinginezo, na hazifanani hata kidogo mkononi. Kwa hivyo mtu akikwambia "chukua Ceska," muulize ipi.

Glock ilianza kupata sifa mwaka wa 1982 jeshi la Austria lilipoichagua. Fremu yake, yaani mwili wa chini wenye mpini, ni ya plastiki ngumu, vipuri vyake ni vichache, na haina kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole. Wengine hilo linawatisha, wengine ndilo wanalopenda.

Kwa nini nasisitiza majina yanayojulikana? Si kwa sababu ya sifa. Ni springi. Ni magazini. Ni ala ya kuivalia. Ukinunua bastola ya kampuni ambayo hapa mjini iko moja, siku springi ya shilingi mia chache ikichoka utakaa bila silaha ukisubiri kifurushi na kibali cha kuingiza. Nimeona bastola nzuri sana ya Italia ikikaa kwenye sefu karibu mwaka mzima kwa sababu ya magazini moja iliyopinda.

Bei ya chini kupita kiasi nayo ina lugha yake. Muulize muuzaji maswali matatu: magazini ya ziada unazo leo? Vipuri vya kawaida viko dukani au vinaagizwa? Nani huitengeneza ikiharibika? Akianza kukuonyesha jinsi inavyong'aa, mshukuru na uondoke.

Hatua ya 4: Ishike vizuri

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu.

Mwombe muuzaji aitoe magazini, avute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma na akuonyeshe chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa, ikiwa tupu. Ukiipokea, rudia wewe mwenyewe yote hayo, hata kama umemwona akifanya sasa hivi. Ingiza ncha ya kidole ndani ya chemba. Hakuna muuzaji wa maana atakayechukizwa. Akichukizwa, umejua kitu juu yake.

Sasa elekeza mtutu mahali salama na ujaribu haya:

a) Shika mpini juu kabisa, karibu na slaidi. Mfupa wa mkono unyooke na mtutu. Ukilazimika kuuzungusha mkono ili kidole kifike kwenye triga (kifyatulio), bastola hiyo ni kubwa kwako, hata kama rafiki yako anaisifu.

b) Weka triga kati ya ncha ya kidole na kiungo cha kwanza. Vuta taratibu. Mtutu usicheze.

c) Vuta slaidi mara tano mfululizo. Wanawake wengi huambiwa hapa "hutaweza, chukua ndogo." Si kweli, tena mara nyingi ni kinyume. Bastola ndogo sana huwa na springi ngumu na huruka mkononi zaidi. Mama wa Utawala niliyemtaja alijaribu nne. Ile ndogo ya "kike" aliyoandaliwa ilimshinda kuvuta. Ile ya ukubwa wa kati aliivuta akicheka. Siri ni kushika slaidi kwa kiganja kizima kutoka juu na kusukuma fremu mbele kwa mkono wa pili, si kubana kwa vidole viwili kama anayeshika sindano.

d) Gusa kila kitufe bila kutazama: cha kutoa magazini, cha kufunga slaidi, cha usalama kama kipo. Kama unatumia mkono wa kushoto, sema mapema.

e) Funga macho, inua bastola, fungua macho. Vilengeo vikiwa mbali sana na mstari wa jicho, mpini hauendani na mkono wako.

Kuhusu triga, nadharia ni fupi. Kuna bastola ambazo mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, kisha unaofuata ni mwepesi. CZ 75 za kawaida ziko hivyo ukianza na nyundo ikiwa chini. Kuna ambazo kila mvuto ni uleule, kama Glock na P-10. Anayeanza hujifunza haraka zaidi kwenye mvuto mmoja. Hayo ni maoni yangu, na kuna walimu wazuri watakaonipinga.

Hatua ya 5: Kagua, hasa kama si mpya

Silaha iliyotumika si dhambi. Ila haiuzwi kwa kupeana mkono kwenye maegesho. Uhamisho hupitia duka lenye leseni na Bodi, na mpaka jina libadilishwe, bastola si yako. Anza na karatasi: namba iliyochongwa kwenye fremu, kwenye slaidi na kwenye cheti. Ukiona herufi imefutwa au imekwaruzwa, irudishe mezani na utoke.

Kisha chuma chenyewe. Mulika mtutu kutoka upande wa chemba: mifereji ionekane mikali, bila mashimo ya kutu na bila pete nyeusi katikati, maana pete huashiria kuwa mtutu ulivimba baada ya kupigwa ukiwa umeziba. Tazama midomo ya kila magazini. Ikiwa imepanuka au ina ufa, ni ya kutupa. Tikisa mtutu slaidi ikiwa imefungwa. Mchezo mdogo si neno, kugongana kama meno ya mzee ni neno. Mwisho, muulize muuzaji springi ya slaidi ilibadilishwa lini. Wengi hawajui. Ibadilishe wewe.

Hatua ya 6: Ipeleke uwanjani mpaka ikuchoshe

Hapa ndipo uaminifu wa silaha unapothibitika. Maneno ya kwenye boksi hayathibitishi chochote.

Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ilikuwa imepunguzwa bei. Asubuhi moja ya Julai, baridi ya Kiambu ya kutoa moshi mdomoni, niliipiga risasi kumi na moja vizuri. Ya kumi na mbili, triga ikawa laini, kimya. Nilipoitazama, ganda la risasi iliyopigwa lilikuwa limesimama wima kwenye dirisha la slaidi kama mshumaa kwenye keki. Nililitoa. Risasi nne baadaye, mshumaa mwingine. Dukani nikaambiwa "itajizoesha." Haikujizoesha. Kosa lilikuwa kwenye kikwanyuzi kinachovuta ganda, na magazini moja kati ya mbili ilikuwa na springi iliyolegea. Ningekuwa nimeibeba barabarani miezi sita nikiamini nina silaha.

Utaratibu ninaowapa watu ni huu:

1. Andika namba 1, 2, 3 chini ya magazini kwa kalamu ya rangi. Bila namba hutajua kama mkosaji ni bastola au magazini.
2. Ifute mafuta ya kiwandani na uweke mafuta mapya kidogo kabla ya kwenda.
3. Piga risasi 200 za mazoezi, kwa siku mbili au tatu. Si lazima zote kwa mkupuo, mfuko una haki zake.
4. Kila inapokwama, simama. Andika kwenye daftari: risasi ya ngapi, magazini namba ngapi, imekwama vipi. Piga picha ikiwa msimamizi ameruhusu, mtutu ukiwa bado umeelekea shabaha.
5. Piga nyingine 50 za aina ileile utakayobeba. Bastola zina uchaguzi kama watoto kwenye chakula: inayomeza risasi za Eldoret bila shida inaweza kukataa za kampuni nyingine zenye kichwa bapa.
6. Piga magazini moja kwa mkono wa kulia tu, na moja kwa kushoto tu. Mkono uliolegea hufanya bastola ikwame, na siku ya shida huenda mkono wako mmoja umemshika mtoto.

Ikikwama mara moja katika 200 kwenye magazini ileile, badilisha magazini na uendelee. Ikikwama mara mbili au tatu kwa magazini tofauti, irudishe kwa fundi kabla hujaivaa. Usikubali maneno ya kujizoesha.

Hatua ya 7: Ala, taa na mahali pa kulala

Ala ifunike triga yote, iwe ngumu kiasi cha kutokunjika ukiitoa bastola, na isimame yenyewe kwenye mkanda mnene. Zile ala za kitambaa za bei ya mtumba hujikunja mdomo, na mdomo uliojikunja huingia ndani ya triga wakati unairudisha. Hivyo ndivyo watu wanavyojipiga paja.

Taa ya mkononi ni muhimu kuliko darubini ya aina yoyote. Nairobi umeme hukatika. Kabla ya kuelekeza mtutu popote lazima ujue ni nani aliye mbele yako, na mara nyingi anayefungua jikoni saa tisa usiku ni mwanao aliyetafuta maji.

Nyumbani silaha hukaa kwenye sefu. Si juu ya kabati, si chini ya godoro, si kwenye dashibodi ya gari hata kwa dakika tano za kununua mkate. Ukiibiwa silaha kwenye gari, ripoti kituo cha polisi mara moja, pata namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na ujue utaulizwa ilikuwa inafanya nini humo.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kubeba ukiwa umelewa. Au ukiwa unaenda kulewa, ni yaleyale. Siku ya sherehe iache kwenye sefu.

Kununua fremu ya kuivalisha bastola ili ifanane na kabaini, yenye kitako na mpini wa mbele. Kwenye picha inapendeza. Lakini leseni yako imeandikwa bastola, na kitu ulichoshika sasa hakifanani na bastola mbele ya askari wa doria usiku. Usifunge kitu cha namna hiyo bila idhini ya Bodi kwa maandishi.

Kudhani bunduki ya hewa haina sheria. Katika sheria yetu nayo ni silaha inayohitaji cheti.

Kuionyesha. Kwenye ugomvi wa maegesho, kwenye baa, kwa shemeji. Silaha ikishaonekana, ugomvi wa shilingi mia mbili umegeuka kesi.

Kudhani leseni ni ruhusa ya kupiga. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu huipeleka habari ya kujilinda kwenye kanuni za sheria ya mazoea ya Uingereza: nguvu uliyotumia lazima ilingane na hatari iliyokuwapo. Mwizi anayekimbia na televisheni yako amekupa mgongo, na mahakama itauona mgongo huo. Tafuta wakili akueleze mapema, saa moja tu, ukiwa na akili ya baridi.

Ikisumbua: dalili na dawa

*Triga imevutwa, kimya, hakuna mlio.* Usiifungue haraka. Weka mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo utoe magazini na kuvuta slaidi. Risasi huweza kuchelewa kulipuka.

*Mlio hafifu, kama mtu aliyepiga kofi ndani ya blanketi.* Acha hapohapo. Risasi huenda imebaki katikati ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu utapasuka. Toa magazini, ondoa kila kitu kwenye chemba, mwite msimamizi.

*Ganda linasimama dirishani.* Kwanza kaza mkono na ujaribu tena. Kwa wanaoanza, mara nyingi mkono ndio mkosaji. Ikiendelea, safisha kikwanyuzi, jaribu risasi za kampuni nyingine, kisha fundi.

*Slaidi haifungi mpaka mwisho.* Uchafu, mafuta yaliyoganda, au springi iliyochoka. Usiisukume kwa kiganja. Fungua, safisha, tazama kama risasi yenyewe imeharibika.

*Slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha.* Tazama kidole gumba chako, pengine kinakalia kitufe. Kama sivyo, ni springi ya magazini. Hapa ndipo zile namba ulizoandika zinapokusaidia.

*Risasi zote zinaenda chini kushoto.* Kwa anayetumia mkono wa kulia, unashtuka kabla ya mlio na kubana vidole vyote pamoja. Usiguse vilengeo. Mwombe mwalimu akuwekee risasi moja ya bandia katikati ya magazini bila wewe kujua iko wapi; ikifika zamu yake utauona mtutu wako ukichungulia ardhi, na utacheka. Fanya mazoezi ya triga nyumbani, bastola tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine, dakika kumi kila siku.

*Kutu kwenye slaidi upande unaogusa mwili.* Ni jasho. Ifute kila jioni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kabla ya kuirudisha kwenye sefu, na ukisafiri Mombasa fanya hivyo asubuhi na jioni. Ala ya ngozi usiihifadhi bastola ndani yake usiku kucha. Ngozi hunyonya unyevu. Mimi ya kwangu hulala juu ya soksi kuukuu ya pamba, na mke wangu hajaacha kuitafuta ile ya pili.